Nani Achekwe? Juu ya Vitabu vya Kuchekesha vya Watoto Wetu

Kila Jumamosi alasiri watoto wapatao kumi na wawili hukusanyika barazani kwangu, Igogo, wilaya ya Nyamagana, jijini Mwanza, ili kusoma na kusomewa. Baraza hili si shule, wala mimi si mwalimu. Nilikuwa karani wa bandari, na elimu yangu ya ushairi na ya kufasiri niliiokota popote nilipoikuta. Watoto hao ni wa darasa la tatu hadi la tano. Herufi wamekwisha kuzijua, ila pumzi yao bado ni fupi: kitabu kinene huwatisha, na kitabu cha picha tupu hukiona ni cha wadogo zao. Wanachokitaka ni kitabu cha sura fupi fupi, kila sura na kisa chake, na katika kila kisa pawe na cha kuwachekesha. Juu ya vitabu vya aina hiyo ndipo ninapotaka kusema. Naomba radhi mapema kwamba sitaweza kusema bila kujitaja, kwa sababu katika kosa nitakalolieleza na mimi nimo.

Siku moja nilikuwa nikiwasomea kijitabu cha fisi mlafi. Walicheka tangu sura ya kwanza, wakacheka zaidi fisi alipokwama dirishani kwa kushiba. Nilipofika ukurasa wa mwisho, palipochorwa kisanduku chenye kichwa 'Tumejifunza nini?', binti mmoja wa darasa la nne alinyosha mkono, akakifunga kitabu mikononi mwangu. 'Hapo siyo hadithi tena, Babu,' akasema. Wenzake hawakumpinga. Wakanyanyuka, wakaenda zao kucheza.

Kauli ile nililala nayo. Nilijiuliza kama tatizo lilikuwa ni fundisho lenyewe, nikaona sivyo. Sisi wasomaji wa Kiswahili si watu wa kuyakimbia mawaidha. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia mtupu kutoka kwa mama kwenda kwa bintiye, na karne na nusu baadaye bado tunausoma kwa raha. Lakini Mwana Kupona hakumficha binti yake kwamba anamuusia. Alimwita akae, achukue wino na karatasi, asikilize. Mawaidha yakija kwa uso wao, mtoto hujua ameitiwa nini. Binti wa Igogo alikuwa ameitiwa kitu kingine. Aliitwa aje acheke, na alipokuwa bado anacheka akaona kwamba kicheko chake kilikuwa chambo, nacho kisanduku kilikuwa ndoana. Watoto wa kando ya ziwa wanazijua ndoana.

Basi swali langu katika makala haya si kama kitabu cha kuchekesha kifundishe au kisifundishe. Hakuna kitabu kisichofundisha. Swali langu ni fundisho hukaa wapi ndani ya kicheko, na kicheko hicho kinamwangukia nani.

Nianzie huko kwenu visiwani, maana mfano bora niujuao ulitoka huko. Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, alichapisha mjini London mkusanyiko wa hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja. Miongoni mwake imo hadithi ya Goso mwalimu. Goso anasomesha watoto chini ya mbuyu. Paa anapanda mtini kuiba mabuyu, buyu linaanguka, linamwua mwalimu. Wanafunzi wanamwosha, wanamzika, kisha wanaazimia kumtafuta aliyemwua. Wanaukamata upepo wa kusi, wanaupiga. Kusi nao unasema lau ungekuwa na nguvu hizo usingezuiwa na kiambaza. Wanakwenda kukipiga kiambaza, nacho kinamtaja panya anayekitoboa. Panya anamtaja paka, paka anaitaja kamba, kamba kisu, kisu moto, moto maji, maji yanamtaja ng'ombe, ng'ombe anamtaja mdudu anayemganda, hata mwishowe wanamfikia paa. Paa hana la kujibu, nao wanamwua.

Hadithi hii huchekesha kwa mpangilio wake tu. Mtoto akishaisikia mara tatu huanza kutangulia mbele ya msomaji na kupiga kelele jina la anayefuata. Lakini watazame vizuri wanafunzi wa Goso. Hawaulizi kwanza, wanapiga kwanza. Kila mshitakiwa hukamatwa, akachapwa, ndipo akaelezwa kosa lake, na kila mmoja alichapwa bure isipokuwa wa mwisho. Ni nani aliyewafundisha utaratibu huo wa kutafuta haki? Msimulizi hasemi, na mwalimu keshakufa. Nilipowasomea watoto wangu, mvulana mmoja alicheka mpaka machozi, kisha akanyamaza, akauliza: 'Kwani Mwalimu Goso alikuwa anawachapa?' Sikumjibu. Wenzake walijibu kwa niaba yangu, wakagawanyika makundi mawili, na ubishi ukaendelea hadi giza likaingia. Nadhani hapana kisanduku ambacho kingeweza kuuzaa ubishi ule. Kingeandika kwamba wizi ni mbaya, kwa kuwa paa alikuwa mwizi, na mjadala ungefungwa hapo.

Hekaya za Abunuwasi, ambazo vizazi vingi vya Waswahili vilizisomea kusoma, zina tabia hiyo hiyo, na sina haja ya kuzirefushia maneno kwa msomaji wa pwani. Kisa cha sufuria iliyozaa na baadaye ikafa hakimwambii mtoto kwamba tamaa ni mbaya. Kinamwonesha mtu mzima mwenye mali akikubali upuuzi siku upuuzi unapomletea faida, na kuukataa siku unapomtia hasara. Mtoto anaijua hali hiyo kwao nyumbani.

Kwa Shaaban Robert mambo ni mazito zaidi. Adili na Nduguze, kilichotoka mwaka 1952, ni kitabu kifupi chenye sura zinazolingana na pumzi ya msomaji mchanga, na kwa miaka mingi kilisomwa mashuleni. Sitaki kumkosea adabu mzee wetu, lakini lazima niseme ninavyokisoma. Fundisho la kitabu hiki limewekwa katika majina. Mtu akiitwa Adili, na ndugu zake wakiitwa Hasidi na Mwivu, mtoto hana tena la kugundua, kwa kuwa hukumu imekwisha kutolewa kwenye jalada. Na bado kitabu hakifi! Kinachokiokoa ni jambo ambalo majina hayakulitabiri. Kila usiku Adili huwachapa manyani wawili, naye halipendi jambo hilo, kisha huwakalisha na kuwalisha vyakula vizuri kwa huruma. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anayaona hayo kwa siri na hayaelewi. Watoto nao hawayaelewi, na hapo ndipo wanapokishika kitabu kwa mikono miwili. Manyani mezani! Wanacheka, na huku wanaogopa. Tunapokuja kujua kwamba manyani hao ni nduguze waliogeuzwa, kicheko kinawakwama. Shaaban Robert alijua kuchekesha kuliko tunavyomsifia, ila hakukiamini kicheko peke yake. Pengine msomaji wake wa 1952, aliyekuwa mtoto wa nchi inayotawaliwa, alihitaji kuhakikishiwa kwamba haki ina jina.

Kitabu kilichonifundisha mimi kukiamini kicheko hakikuandikwa kwa Kiswahili, ingawa mwandishi wake alipita kando ya ziwa letu. Barbara Kimenye alizaliwa Uingereza mwaka 1929, akaolewa na mtu wa Bukoba na kuishi huko katika miaka ya 1950, kisha akahamia Uganda na baadaye Nairobi. Katika miaka ya 1960 alianza kutoa, kwa Oxford University Press, mfululizo wa vitabu vya mvulana mmoja aitwaye Moses. Kimenye alifariki mwaka 2012. Nakala yangu ya kwanza haikuwa na jalada. Marehemu baba yangu, aliyekuwa mfanyakazi wa meli ya Victoria, aliikuta chini ya kiti baada ya abiria wa Bukoba kushuka. Nami nikaisoma na kamusi pembeni, neno kwa neno, kwa muda wa likizo nzima. Sikujua kwamba nilikuwa najifunza kazi.

Moses anasoma katika shule ya bweni ya Mzee Mukibi, shule inayowapokea wavulana waliokwisha kushindikana kwingine. Ana marafiki, miongoni mwao King Kong, mwenye mwili, na Itchy Fingers, mwenye vidole visivyotulia. Mipango yao huanza kwa akili na kuishia kwa balaa. Ninachokipenda ni kwamba balaa lenyewe ndilo linalofundisha. Hila hujikunja na kumrudia mwenyewe, rafiki anayedharauliwa ndiye anayefaa siku ya shida, na uongo wa asubuhi huhitaji uongo mwingine wa mchana. Wakubwa nao hawakusazwa. Mukibi ana shule na ana majivuno, na mtoto anaviona vyote viwili. Kasoro ipo, tena mabinti wa barazani kwangu waliitaja kabla yangu: ni shule ya wavulana, na wasichana hupita humo kama wageni.

Nimekuwa nikiwafasiria sura hizo kwa mdomo, kurasa zikiwa mapajani, na hapo nimekutana na neno moja ambalo nataka kulileta mbele ya wasomaji wa pwani kwa sababu ninyi ndio wenyewe. Shule ya Mukibi ina jina refu la kujitutumua. Ni taasisi ya elimu kwa ajili ya wana wa Waafrika wa daraja fulani, na daraja hilo kwa Kiingereza ni *gentlemen*. Kwanza nilisema 'wana wa mabwana wa Kiafrika'. Watoto hawakucheka. Nikajaribu 'wana wa waheshimiwa'. Walicheka kidogo, kwa kuwa waheshimiwa wanawajua kwa kuwaona kwenye runinga. Mwishowe nikasema 'wana wa waungwana', na mimi mwenyewe ndiye niliyeshtuka.

Huku kwetu ziwani muungwana ni mtu mstaarabu anayeomba radhi akikukanyaga. Kwenu neno hilo limebeba mzigo wa karne nyingi. Muungwana alikuwa ndiye asiye mtumwa, mwenye nasaba, na aliyeitwa hivyo alijua ni nani hakuitwa. Sasa fikiri: shule ya wavulana waliofukuzwa kila mahali, wenye vidole vya wizi na madaftari yasiyo na kurasa, imeandikwa mlangoni kuwa ni ya wana wa waungwana. Kwa Kiingereza huo ni mzaha juu ya majivuno ya mwenye shule. Kwa Kiswahili unakuwa mzaha juu ya uungwana wenyewe, juu ya nani alipata kuitwa hivyo na kwa haki gani. Je, mfasiri ana ruhusa ya kukifanya kicheko kiume zaidi ya mwandishi alivyokusudia? Nimelibakiza neno hilo, lakini kila ninapolisema dhamiri hunisuta. Kuhusu Itchy Fingers sikupata taabu. Nilipendekeza 'Mkono Mrefu', watoto wakanikatalia, wakamwita Mdokozi, kwa kuwa anayeiba nyama chunguni jikoni kwao ndivyo anavyoitwa.

Katika habari ya kufasiri siwezi kumpita Alice. Lewis Carroll alitoa kitabu chake mwaka 1865, katika Uingereza ambayo vitabu vya watoto vilijaa mawaidha ya mashairi, na sehemu kubwa ya ucheshi wake ni kuyageuza mashairi hayo juu chini. Isaac Watts alikuwa amewafundisha watoto bidii kwa mfano wa nyuki. Carroll akamtoa nyuki, akamweka mamba anayetabasamu huku akivikaribisha visamaki kinywani. Humo pia yumo mke wa mtawala ambaye kila asikiapo neno hulitafutia fundisho, hata kama neno na fundisho havijuani kabisa, na huku akizungumza hulikandamiza bega la Alice kwa kidevu chake chenye ncha. Kidevu hicho ndicho kisanduku chetu cha ukurasa wa mwisho! Kitabu hiki kimeingia katika Kiswahili zaidi ya mara moja. Mwaka 1940 kilitoka kwa jina la Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na mwaka 2015 Ida Hadjivayanis, ambaye mlioisoma Peponi, tafsiri yake ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mnamjua, alitoa tafsiri mpya, Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Miaka 75 kati ya mara ya kwanza na ya pili ni mingi mno kwa kitabu ambacho kingeweza kuwa dawa yetu. Na lugha yetu iko tayari kwa mchezo huo kuliko Kiingereza. Barazani kwangu niliposema kwamba mama yule anapenda 'mafunzo', mtoto mmoja aliuliza kama ni funza wa miguuni. Wengine wakaanza kujikuna. Sikuweza kuendelea na sura ile siku hiyo.

Sasa nije kwenye kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita niliandika kitabu cha sura saba. Mhusika wake ni Masanja, mvulana wa kijiji kilicho kando ya ziwa, ambaye jogoo wa bibi yake hawiki mpaka jua lifike utosini. Mwalimu mkuu hana saa. Huamka kwa jogoo huyo. Katika sura ya tano anafika shuleni mchana, kiatu mguu mmoja na kandambili mguu wa pili, anakuta wanafunzi wamejipanga, Masanja ameshika daftari la mahudhurio anaita majina, na jina linaloitwa wakati huo ni la mwalimu mkuu mwenyewe. Darasa zima linajibu kwamba hayupo. Mbele ya jina lake Masanja anaandika: mtoro.

Mchapishaji mmoja, ambaye sitamtaja, alikipenda. Akaniomba mambo matatu. La kwanza, kisanduku cha mafunzo mwishoni. La pili, mwalimu mkuu asichekwe, kwa kuwa kitabu kitapelekwa shuleni. Badala yake Masanja ndiye achelewe, aadhibiwe, aahidi kutorudia. La tatu, kwa kuwa Masanja ni mtu wa kanda ya ziwa, azungumze kwa kuchanganya ra na la, ili kitabu kichekeshe zaidi.

Nilikubali yote matatu. Nilikuwa na shida ya fedha, na nilikuwa na tamaa ya kuliona jina langu juu ya jalada. Sina udhuru mwingine.

Mambo mawili ya kwanza ninaweza kuyaeleza, hata kama siyatetei. Kitabu cha mtoto hakinunuliwi na mtoto. Wazazi wengi, wakishalipia daftari na sare, hawabakiwi na fedha ya hadithi, na kwa hiyo soko la kitabu ni shule, na kitabu cha ziada cha kutumika shuleni hupitia ithibati. Kisanduku cha mafunzo kinaandikwa kwa ajili ya mtu mzima atakayekikagua kitabu bila kukisoma chote. Mtoto hakumo katika mazungumzo hayo. Sisemi haya kuwalaumu wote. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991 wakati rafu zilikuwa tupu, uliwezesha kuchapishwa kwa hadithi nyingi za Kiswahili na kuzifikisha mashuleni. Bila juhudi za namna hiyo nisingekuwa na cha kuwasomea watoto siku za Jumamosi. Lakini rafu ikishapata vitabu, ndipo tunapopaswa kuvifungua na kuuliza mtoto amewekwa wapi ndani yake.

Jambo la tatu siwezi kulieleza. Na hapa, wenzangu wa pwani na visiwani, mtaniwia radhi. Katika ucheshi wetu wa Kiswahili, redioni, jukwaani na vitabuni, yuko mjinga mmoja asiyechoka kutumika. Ni mtu wa bara, mara nyingi ni mtu wa kwetu, anayesema 'kula' akikusudia 'kura' na 'kura' akikusudia 'kula'. Hana haja ya kufanya lolote la kuchekesha, akifungua kinywa tu watu hucheka. Kisukuma hakina ra katika maneno yake ya asili, na ulimi wa mtu hufuata lugha aliyonyonya. Mtunzi wa Kiswahili anayemtumia mjinga huyo hajatunga kitu, ameazima dharau iliyokwisha kuwepo. Mimi niliyekulia na ulimi huo nilijua haya yote. Nilipokuwa kijana nilimpelekea mhariri mmoja shairi ambalo kina chake cha mwisho kilipishana kati ya -ra na -la. Sikioni mwangu vilikuwa sawa kabisa. Lilirudi na mstari mwekundu na neno moja: 'Jifunze'. Nilijifunza. Kisha nikachukua kosa lile lile la ulimi wangu nikambandika Masanja, ili watoto wa miji mingine wacheke.

Kitabu kilipotoka nilikipeleka barazani kwa fahari. Yuko mvulana mmoja, mtoto wa mvuvi, ambaye ra na la humchanganya, naye ndiye msomaji wangu hodari kuliko wote. Nilimpa asome sehemu za Masanja. Alianza. Alipofika kwenye neno la kwanza lililoharibiwa kwa makusudi, alilisoma kama lilivyoandikwa, wenzake wakacheka, naye akainua macho kunitazama. Hakujua kama amekosea yeye au kimekosea kitabu. Alirudia mstari, wakacheka tena. Akakipitisha kitabu kwa jirani yake, akasema koo linamwuma. Jumamosi mbili zilizofuata hakuja.

Haya ndiyo ninayomaanisha ninaposema kwamba katika kitabu cha kuchekesha fundisho halimo kisandukuni. Kisanduku cha kitabu changu kilizungumza juu ya kuwahi shuleni. Kitabu chenyewe kilimfundisha mtoto wa mvuvi kwamba sauti yake ni kichekesho, na somo hilo alilielewa mara moja, bila maswali ya mazoezi. Linganisha na Goso, ambamo anayechekwa ni utaratibu mzima wa fimbo. Linganisha na Abunuwasi, ambamo anayechekwa ni mwenye mali, au na Mukibi na majivuno yake. Katika vitabu hivyo kicheko hupanda kwenda juu. Katika changu kiliteremka, kikatafuta aliye chini kabisa.

Najua nitaambiwa kwamba watoto nao huchekana, kwamba hata katika Moses wamo wanaochekwa kwa maumbile yao. Ni kweli, na sidai kwamba mtunzi wa watoto awe malaika. King Kong anachekwa kwa ukubwa wa mwili. Lakini King Kong ana mambo mengine ya kufanya kitabuni. Anaamua, anakosea, anaokoa. Masanja wangu, baada ya kusahihishwa na mchapishaji, hakubakiwa na jambo lolote isipokuwa ulimi wake na adhabu yake. Hata jogoo aliondolewa, akaonekana hana kazi.

Nitaambiwa pia kwamba Kiswahili fasaha lazima kilindwe, na sikatai, maana maisha yangu yote nimeyatumia kukitafuta. Lakini ziwa hili nalo lina visiwa vyake. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliiandika riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945, akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa mwaka 1980, mwaka mmoja kabla ya kufa kwake. Imejaa vicheko vya watu wanaofunzana maisha, vya mkwe na mkwe, vya mume na mke, na katika vicheko hivyo hakuna hata kimoja kinachomhitaji Mkerewe ajifanye hajui kusema. Euphrase Kezilahabi, mwana wa kisiwa hicho hicho, aliyetutoka mwaka 2020, aliutikisa ushairi wetu hata waliompinga wakalazimika kumsoma. Hao ndio waliokuwa jirani zangu, na mimi nikaenda kumwazimia Masanja ulimi wa vichekesho vya redioni.

Nakala zilizobaki nilizonazo sizigawi. Sura ya tano nimeiandika upya kwa mkono katika daftari la shule, kama nilivyoitunga mwanzo, pamoja na jogoo. Masanja anasema kama mtoto mwingine yeyote wa kitabuni, na anayetaka kumpa ulimi wake mwenyewe anapomsoma kwa sauti, na ampe. Mtoto wa mvuvi aliporudi nilimwekea daftari hilo mbele yake bila maneno. Alisoma sura nzima. Alipofika pale mwalimu mkuu anapoitwa jina na darasa kujibu kwamba hayupo, baraza lote lilianguka kwa kicheko, na yeye ikambidi asubiri kabla ya kuendelea.

Mama wa mmoja wa watoto, mwalimu wa shule ya msingi iliyo jirani, alikuwa amekuja kumchukua mwanawe na akasimama kwenye ngazi kusikiliza. Alicheka nyuma ya wenzake, kwa kuchelewa kidogo, mkono ukiwa mdomoni. Baadaye aliniuliza kitabu hicho kinauzwa wapi, akasome na darasa lake. Nikamwambia kwamba kilichochapishwa hakina sura hiyo. Akaliomba daftari. Nimempa, kwa sharti alirudishe Jumamosi.